Kuvuka si Kuhama

Kisa kinachojulikana kuliko vyote kati ya vile vinavyoanzia kwenye feri ya Likoni hakikuandikwa na mtu wa Likoni. Corinne Hofmann, mwanamke wa Uswisi, alikuja Mombasa kwa likizo mwaka 1986 akiwa na mpenzi wake. Ndani ya feri, akivuka kwenda pwani ya kusini, akamwona kijana wa Kisamburu, na maisha yake yakageuka. Kitabu chake, Die weiße Massai, kilitoka mwaka 1998, kikauzwa kwa mamilioni, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na mwaka 2005 kikafanywa filamu nchini Ujerumani. Ni haki yake kusimulia maisha yake. Linalonishughulisha mimi ni wale wengine waliokuwa ndani ya feri ile: mchuuzi na beseni lake la samaki, hamali na mkokoteni wake, kibarua anayewahi zamu bandarini, mwanafunzi mwenye daftari kwapani. Katika kisa kile hao ni mandhari. Hawana majina wala safari. Wanavuka tu ili mgeni apate pahali pa kubadilikia. Mwaka 2012 Ulrich Seidl wa Austria alipeleka Cannes filamu yake Paradies: Liebe, inayomhusu Teresa, mama wa makamo kutoka Austria anayekuja pwani ya Kenya kutafuta mapenzi kwa vijana wa bichi. Filamu inamchimba Teresa mpaka ndani ya upweke wake. Vijana wenyewe wanatoka kwenye filamu kama walivyoingia.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika ufundi wa kusimulia, anayestahili kuitwa mhusika mkuu ni yule ambaye kisa kinamkuta hivi na kumwacha vile, hata kama wenzake wanamshinda kwa uzuri au kwa wema. Ukimnyima mtu mabadiliko umemnyima kisa chenyewe. Umemfanya mti, ukuta, mawimbi ya nyuma. Siku hizi, kwa bahati njema, wasimulizi wa kwetu wameongezeka, na wametupa wahusika wakuu waliozaliwa katika ardhi hii. Lakini wengi wamerithi mtindo mmoja tu wa kubadilika, nao ni wa kuvua. Mtu anaondoka kwao, anavua lafudhi, jamaa na mtaa, kisha anazaliwa upya kwingine, na kule alikotoka kunabaki nyuma kama gamba la nyoka. Nasema mtindo huo haufanani na maisha ya Likoni, Kisauni na Changamwe, wala na historia yao. Watu wa sehemu hizi wamejibadilisha sana, pengine kuliko wengi katika Afrika Mashariki, ila wamefanya hivyo kwa kuongeza. Wamejitwalia jina, kazi, imani au lugha mpya juu ya waliyokuwa nayo, na wakaendelea kuvuka huku na huku. Mwandishi asiyeliona hilo atatuandikia wahusika wa kuazima.

Tazama filamu zetu mbili zilizosifiwa kwa haki. Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012, inamfuata Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuigiza vipande vya sinema mbele ya wateja wake. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anatiwa ndani, na huko ndiko anakopata mlango wa genge la wezi. Anageuka mara mbili kwa pamoja, jukwaani na mitaani, na filamu inaonyesha kwa ustadi mkubwa jinsi uigizaji mmoja unavyomlisha mwingine. Subira ya Sippy Chadha, ya mwaka 2018, inamhusu msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini. Mila inamkataza, na ndoa inampeleka Nairobi. Filamu zote mbili zilichaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Katika zote mbili, mji mkuu ndio tanuri: huwezi kuwa mtu mwingine mpaka upitie humo. Tamthilia za jioni katika runinga nazo hazichoki kumtoa msichana katika mtaa wa mabanda na kumwingiza katika jumba la tajiri, kana kwamba utu wake ulikuwa umefichwa huko muda wote. Kila moja peke yake ina sababu zake na ina watazamaji wake. Zikijikusanya, zinamfundisha kijana wa Mtongwe au Mikindani kwamba alipo hapawezi kutokea kitu.

Sasa turudi huku kwetu tuanze na neno lenyewe, bara. Kwa aliye kisiwani, mtu wa Likoni anaishi bara. Kwa aliye Nairobi, mtu huyo huyo ni wa pwani, na wabara ni watu wengine kabisa, wa Ukambani, wa Nyanza, wa Mlima Kenya. Kwa neno moja tu yuko ndani na nje. Na ukichunguza utakuta hata wenyeji wa kisiwa wamebeba majina ya bara. Waswahili wa Mombasa wanajihesabu katika Thenashara Taifa, yaani miji kumi na miwili, iliyogawanyika kuwa Thalatha Taifa na Tisa Taifa. Wale watatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na miongoni mwa tisa wamo Wajomvu na Wamtwapa. Changamwe, Jomvu, Mtwapa: mtu yeyote aliyewahi kupanda matatu Mombasa anajua majina hayo yako upande gani wa maji. Watu walivuka wakaja kisiwani, wakawa watu wa mji, na jina la walikotoka likawa ndilo uthibitisho wa uenyeji wao. Hawakuhitaji kulivua ili wakubaliwe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ni msingi mkongwe wa utambulisho katika mji huu, na ni kinyume kabisa cha mtindo wa gamba la nyoka.

Changamwe ya leo imeendeleza jambo hilo kwa namna yake, ingawa hakuna aliyeliimba. Reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013, viliwavuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Mtoto aliyezaliwa Chaani na wazazi kutoka Machakos au Siaya anaongea Kiswahili cha Mombasa shuleni na mtaani, anajua kilugha cha kwao kwa kusikia, anakwenda ushago Desemba na kuitwa mtu wa pwani, anarudi Januari na kuitwa mtu wa bara. Kisa cha mtu huyo kimejaa mambo ya kusimuliwa bila yeye kupanda basi la Nairobi.

Lakini hazina kubwa kuliko zote iko Kisauni. Mwaka 1875 wamisheni wa Church Missionary Society walianzisha kwenye ardhi ya bara, ng'ambo ya kisiwa, makazi ya watumwa waliokombolewa, wakapaita Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere. Walioletwa hapo ni watu waliotolewa kwenye majahazi na manowari za Uingereza, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wengi wao wakiwa watoto waliotekwa mbali sana na bahari. Pamoja nao walikuwako wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa utotoni, wakalelewa Nasik huko India, kisha wakarudishwa pwani ya Afrika kusaidia kazi ya misheni. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885 na upadri mwaka 1895. Hebu mtazame mtu wa namna hii kama mwandishi wa riwaya angemtazama. Amezaliwa na jina la Kiafrika, amepewa jina la Kiingereza, amelelewa na lugha za India, anahubiri kwa Kiswahili karibu na Wamijikenda. Kwa kipimo cha sinema amekwisha kuzaliwa mara tatu.

Mtu anaweza kusema hapo hapo: hao hawakujibadilisha, walibadilishwa. Mtumwa hakuchagua jahazi, wala hakuchagua manowari, wala jina la ubatizo. Ni kweli, na haifai kulipamba. Jina la mtu kuandikwa na mwingine katika daftari la misheni ni aina ya kunyang'anywa. Ila utambulisho hauishii siku unapopewa. Kisa kiko katika yale mtu anayoyafanya na alichopewa. Mwaka 1934 James Mbotela, mzaliwa wa Frere Town na mtoto wa mtu aliyekombolewa, alichapisha kitabu Uhuru wa Watumwa. Litazame jina lililo juu ya jalada. James limetoka kwa wamisheni. Mbotela limetoka kwa baba, na kupitia kwake limetoka katika nchi ambayo watekaji walidhani wameifuta. Na lugha ya kitabu si ya wamisheni wala si ya Wayao. Ni Kiswahili, ambacho wale watu walikikuta pwani wakakifanya chao. Wataalamu wamebishana kama kitabu hicho kihesabiwe riwaya au historia, na kama hakikuwasifu mno Waingereza. Wabishane. Mimi naona humo mtu aliyeongeza, na kila tabaka la maisha yake likabaki kusomeka.

Na familia hiyo haikuishia hapo. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa kwa miongo mingi sauti ya redio ya taifa, na kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966. Neno hilo tumelizoea kwa maana ya adabu, tukasahau asili yake. Muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa kitu alichonyimwa babu yake alipofungwa kamba. Mjukuu wa mtu yule alikaa mbele ya kipaza sauti akaiuliza nchi nzima, matajiri kwa maskini, wenye asili na wasio na asili, kama mwenendo wao ni wa kiungwana. Sijui mageuzi ya mhusika yaliyo makubwa kuliko hayo katika filamu yoyote tuliyoipigia makofi, nayo yalitimia bila mtu kukana alikotoka.

Waandishi wetu walio bora wamelielewa jambo hili, hata wale ambao hawakuzaliwa pwani. Ken Walibora alizaliwa magharibi mwa Kenya, mbali kabisa na harufu ya bahari, na jina la ukoo wake ni Waliaula. Alipojifanya mwandishi wa Kiswahili alijiita Walibora, jina ambalo mtu wa Mombasa angelielewa papo hapo. Wengine wangesema huyo amejivua Ubukusu wake. Lakini katika makala zake za kitaaluma alitia sahihi kwa majina yote mawili, Walibora na Waliaula, moja likiwa juu ya jingine. Na alipoandika riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya, mhusika wake mkuu alimwita Kongowea Mswahili. Kongowea ni jina kongwe linalohusishwa na Mombasa yenyewe, na leo ni soko kubwa la jumla huku Kisauni, ambako malori ya nyanya na viazi kutoka bara yanateremsha mizigo usiku na alfajiri. Kijana mwenye jina hilo anazaliwa Tanga na mwimbaji wa taarabu, kisha anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Watu wengi wameisoma kama riwaya ya yatima anayefanikiwa. Naisoma kama riwaya ya mtu anayefika bara akiwa na jina la pwani begani, na asilitue. Kila hatua anayopiga inamwongezea kitu, na hakuna hata moja inayomtaka awe si mwana wa mama yake.

Kisha kuna Khadija Abdalla Bajaber, mzaliwa wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut, ambaye muswada wake ulipata mwaka 2018 tuzo ya kwanza ya Graywolf kwa riwaya za Afrika. The House of Rust ilitoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya kwanza iliyopewa jina la Ursula K. Le Guin. Aisha, binti wa mvuvi, baba yake anapopotea baharini, anaingia kwenye chombo kilichoundwa kwa mifupa, pamoja na paka anayezungumza, akapambane na madubwana ya bahari. Mwandishi asiye na moyo angekimalizia kitabu pale baba anapopatikana: binti amekuwa shujaa, pazia lishuke. Bajaber hakufanya hivyo. Amemrudisha Aisha nyumbani na kutumia sehemu kubwa ya kitabu kuonyesha kilichofuata, yaani bibi anayemtaka aolewe, majirani, kunguru wanaosemasema, mtaa ulio vile vile huku yeye hayuko vile vile. Hapo ndipo kitabu kinapokuwa kigumu na kizuri. Dubwana la bahari ni jepesi kulikabili, maana halijui jina lako la utotoni wala halikukuona ukitambaa. Kukaa mezani na watu wanaokujua tangu zamani, ukiwa umegeuka na wao hawajajua, ni kazi nyingine. Ayaana wa The Dragonfly Sea, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor ya mwaka 2019, naye anatoka Pate hadi China na Uturuki, na bado Pate ndiyo inayompa uzito wa yote aliyoyaona huko. Hao ni wahusika wanaovuka. Mwanamke wa Likoni anayeuza samaki Marikiti angewatambua.

Kwa upande wa pili, Abdulrazak Gurnah ametuonyesha bei ya kuvua. Katika Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, Ilyas anatekwa na askari wa Kijerumani akiwa mtoto, anasomeshwa na Wajerumani, anawapenda, anajiunga na jeshi lao kwa hiari yake, na mwisho anajikuta Ujerumani akiamini kwamba amekuwa mmoja wao. Anafia katika kambi ya mateso ya Wanazi. Hamza, aliyepitia jeshi lile lile, anarudi mji wa pwani akiwa na kilema, anatafuta kazi kwenye ghala, anampenda dada yake Ilyas, anaanza upya kwa kidogo alicho nacho. Gurnah hamhukumu Ilyas, nami simhukumu. Lakini aliyeiweka riwaya ile mikononi mwake ataona ni yupi kati ya wawili hawa aliyebaki na mtu wa kumlilia kwa jina lake.

Najua pingamizi lililo mbele ya wengine. Watasema kisa bila kuondoka hakina moto. Kwamba tangu hekaya za kale shujaa hutoka kwao, na anayebaki mtaani hana cha kusimuliwa. Nakubali kwamba lazima pawe na kizingiti cha kuvukwa. Nisichokubali ni kwamba kizingiti kimoja tu ndicho chenye uzito. Inakadiriwa kwamba watu laki tatu huvuka Likoni kwa siku, mwendo wa maji usiofika hata kilomita moja. Aliye daktari ng'ambo hii ni mtoto wa kutumwa ng'ambo ile. Aliye kibarua asiye na jina bandarini ni imamu, mwenyekiti wa chama au kocha wa timu anaposhuka upande wa pili. Kubadilika huko hakuhitaji tanuri la mji mkuu, kunahitaji mwandishi mwenye subira ya kutazama. Wala nisidhaniwe kwamba naifanya feri kuwa pambo la maneno. Tarehe 29 Aprili 1994 MV Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, wengi wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakielekea kazini asubuhi. Huku kwetu kuvuka ni jambo la uhai na mauti, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokuachia wageni peke yao kisa cha feri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa vijana wenyewe. Watauliza: kwa nini mhusika asiondoke, ikiwa sisi tunataka kuondoka? Wasichana wa Kisauni wanakwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wavulana wanatafuta meli, na anayewasifia kubaki huenda anasifia ufukara. Jibu langu ni kwamba sijamkataza mtu kuondoka, wala katika maisha wala katika filamu. Ninachotaka ni kamera isizimwe kwenye uwanja wa ndege. Mwanamke aliyekaa Saudia miaka minne na kurudi Bombolulu na lugha mpya, maumivu mapya, akiba kidogo na mtoto asiyemzoea ni mhusika mwenye kina kuliko yule anayeonyeshwa akipunga mkono tu. Aliyebaki, akalea mtoto wa dada yake kwa pesa za Ghuba, naye amegeuka. Kisa kinachomwacha njiani kimekata habari katikati.

Kuna na aina nyingine ya kubadilika ambayo vijana wetu wamegawiwa bila kuombwa ridhaa: kutoka kuwa mtoto mwema wa madrasa hadi kuwa gaidi, au kutoka kuwa mwanafunzi hadi kuwa mbeba panga. Magenge ya mapanga yamewaumiza watu Kisauni na Likoni, na vijana wamesajiliwa na makundi ya vita. Kuyaficha itakuwa uongo. Lakini hayo yanapokuwa ndiyo mageuzi pekee ambayo mtazamaji wa mbali anaweza kuyafikiria akisikia jina Likoni, basi msimulizi amekuwa msaidizi wa msako. Nami naona mfanano mchungu hapa. Anayemwambia kijana ajivue yote aliyokuwa nayo ili awe mtu wa maana, achome picha, akane mama, ajipe jina la vita, anatumia kanuni ile ile ya gamba la nyoka. Anayetaka kumpinga kwa kisa amwonyeshe kijana njia ya kuwa mwingine bila kumchinja wa kwanza.

La mwisho ni hofu ambayo kwa historia yetu haiwezi kupuuzwa, kwamba anayesifu asili anachochea ukabila. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawaandama waliowaita watu wa bara, wakaua na kuchoma nyumba, na maelfu wakakimbia. Jina la Kaya Bombo, linalohusishwa na wavamizi hao, bado linasisimua mwili. Waliofanya hivyo waliamini kwamba mtu ni mzizi mmoja tu, na asiye na mzizi hapa aondoke. Ninachokitetea ni kinyume cha hicho. Ukikubali kwamba Mchangamwe alikuwa mtu wa bara kabla ya kuwa mtu wa mji, na kwamba Mbotela alikuwa Myao, Mkristo, Mswahili na Mkenya bila hata moja kulifuta jingine, huwezi tena kumwambia mtoto wa Chaani arudi kwao. Kwao ni wapi zaidi ya hapo, na kule pia?

Kwa hiyo nawaomba wenye kalamu na kamera, na wanaotoa pesa za filamu Nairobi na nje, wamruhusu mhusika wetu arudi nyumbani dakika ya sitini na kisa kiendelee. Wasiogope lafudhi yake wala kumtafutia jumba la tajiri. Na anayesema hana pa kuanzia, apande matatu ya Kisauni, amwambie makanga amshushe Kengeleni. Mnara wa kengele ya Frere Town ungali umesimama hapo kando ya barabara, na ndio uliopapa mahali pale jina lake.